Bandhani si batiki, wala si sari peke yake: dhana potofu na ukweli

Katika Kiswahili cha leo neno batiki limemeza karibu kila kitambaa kilichotiwa rangi kwa mkono, na ndiyo maana mtu akiiona sari ya Kihindi yenye vitone vidogo vyeupe na vya manjano juu ya wekundu, huiita batiki bila kusita. Si batiki. Batiki huzuia rangi kwa nta iliyoyeyushwa, ilhali bandhani, ambayo katika jimbo la Rajasthan, Uhindi, huitwa bandhej, huizuia kwa fundo, na hata jina lake limetokana na neno la Kisanskriti lenye maana ya kufunga.

Wengine hudhani kwamba vitone hivyo hupigwa chapa. Wana sababu ya kukosea, kwa kuwa masoko yamejaa vitambaa vya kiwandani vinavyoiga bandhani. Chapa ipo kweli katika kazi hii, lakini ipo mwanzoni tu na haibaki. Kwa kawaida kitambaa chembamba cha pamba au cha hariri hukunjwa kikawa tabaka nne, kisha mchoro hupigwa juu yake kwa ngeu, udongo ule mwekundu ambao maseremala wetu waliutumia kupigia mstari, na ambao hutoka ukifuliwa. Baada ya hapo kitambaa hupelekwa kwa wafungaji, wengi wao wanawake wanaofanya kazi hiyo majumbani mwao. Mfungaji huinua nukta moja kwa ukucha wa kidole kidogo alioufuga makusudi, au kwa pete yenye ncha, huizungushia uzi mara kadhaa na kuukaza, kisha, bila kuukata, huhamia nukta inayofuata. Nukta iliyofungwa huitwa bhindi, nayo huweza kuwa ndogo kama punje ya ulezi. Sari iliyojaa huwa na maelfu ya mafundo ya namna hiyo, na sari bora huweza kuchukua miezi.

Vivyo hivyo si kweli kwamba mtia rangi hupaka kila rangi mahali pake. Kitambaa kizima huchovywa, kuanzia rangi nyepesi kwenda nzito. Panapotakiwa kubaki peupe hufungwa kwanza, kitambaa kikachovywa katika manjano. Panapotakiwa kubaki manjano hufungwa napo, kikachovywa katika nyekundu. Na rangi ya mwisho, aghalabu nyeusi au ya damu ya mzee, huja baada ya nyekundu nayo kufungiwa mahali pake. Mfungaji, kwa maneno mengine, hufunga kile anachotaka kukiokoa, naye huiona picha kamili siku kitambaa kinapovutwa kwa nguvu na nyuzi zote zikaruka.

Mikunjo inayobaki baada ya kuvutwa wengi huiona kuwa kasoro, wakaiondoa kwa pasi. Ni hasara, kwa maana vilele hivyo vidogo ni alama ya fundo, na wauzaji wa jadi mara nyingi huiuza nguo ikiwa bado imefungwa ili mnunuzi asiwe na shaka. Ukikitazama kwa karibu kitone halisi, utaona kuwa si duara kamili, hakifanani sawasawa na jirani yake, na mara nyingi katikati kina chembe ya rangi iliyopenya pale ncha ya kitambaa ilipochomoza juu ya uzi.

Wako pia wanaoamini kwamba ufundi wa kufunga na kutia rangi ulizaliwa Marekani na vijana wa miaka ya 1960. Katika michoro ya mapango ya Ajanta, huko Uhindi, iliyochorwa yapata miaka 1,500 iliyopita, wamo watu waliovaa nguo zenye vitone ambavyo watafiti wengi huvitambua kuwa ni bandhani. Neno bandana nalo lilitoka Uhindi pamoja na leso za namna hiyo, muda mrefu kabla ya vijana hao.

Bandhani si jina la sari, wala si vazi la Wahindu peke yao. Ni ufundi, na huko Kutch, katika jimbo la Gujarat, umetumika sana kwa mitandio ya kichwani. Gharchola, vazi jekundu lenye miraba ya nyuzi za dhahabu, aghalabu 12 au 52, huvaliwa na mabibi harusi Wahindu na Wajaini. Chandrokhani, ambayo jina lake linatokana na mwezi, ni ya mabibi harusi Waislamu wa Kutch. Patola, kitambaa cha mji wa Patan katika Gujarat hiyo hiyo, ni jambo jingine kabisa: huko nyuzi ndizo zinazofungwa na kutiwa rangi, kabla ya kufumwa.

Kuhusu rangi za asili, yaani bizari ya manjano, nili, komamanga na shabu ya kuzishikiza, zilitumika kwa karne nyingi, lakini baada ya William Henry Perkin kugundua rangi ya kikemikali mwaka 1856, rangi za aina hiyo zilienea, na bandhani nyingi za leo hutiwa hizo.

Dhana inayonisikitisha zaidi ni ile ya kumhesabu mwenye karakana kuwa ndiye fundi. Jamii ya Khatri imejulikana kwa kutia rangi na kuuza, na sifa hiyo wanaistahili. Lakini wanawake wanaofunga, Waislamu na Wahindu, hulipwa kwa idadi ya mafundo na majina yao hayaandikwi popote. Anayeuliza kwa nini sari mbili zenye mchoro mmoja zinatofautiana sana kwa bei, na ahesabu vitone katika eneo la ukubwa wa kiganja.