Magoti ya mama na vilima vya Lisbon: maswali na majibu

Shikamoo daktari. Mwakani nataka kumtembeza mama Lisbon, Ureno, siku nane. Ana miaka 63, magoti yamesagika, na anameza dawa za shinikizo la damu. Nasikia mji wenyewe ni vilima na barabara za mawe tupu. Nimpeleke, au nitamuumiza?

Marahaba. Mpeleke. Kusagika kwa goti ni kulika kwa gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, na goti la namna hiyo likikalishwa tu huzidi kukakamaa. Kutembea hakulimalizi. Maumivu kidogo wakati wa kutembea yanavumilika. Akiamka nayo kesho yake makali kuliko jana, jua mlipitiliza, na siku hiyo mpunguze mwendo.

Ila usipange safari kwa kufuata picha. Alfama, mtaa mkongwe ulio chini ya ngome ya São Jorge, unapendeza mno kwenye picha, lakini ni ngazi juu ya ngazi. Mimi ningemlaza mama Baixa, eneo la katikati lililojengwa upya baada ya tetemeko la Novemba 1, 1755. Barabara zake zimenyooka na ni tambarare. Kabla ya kulipia chumba uliza mambo mawili: kuna lifti? Na kutoka mlangoni hadi barabarani kuna vidato vingapi? Majengo mengi ya zamani hayana lifti.

Mbona Mji Mkongwe wa Zanzibar alitembea vizuri tu?

Zanzibar kuna vichochoro, hakuna mlima. Lisbon vyote viwili vimekutana: mteremko, na njia za miguu zilizotandazwa vijiwe vya chokaa ambavyo nyayo za watu zimevisugua hadi vikang'aa. Mvua ikinyesha vinateleza kama sabuni. Miezi ya mvua nyingi ni Novemba hadi Januari, na Julai na Agosti jua huwa kali. Kwa mama yako ningechagua Mei au mwishoni mwa Septemba.

Jambo ambalo wengi hawalitegemei: kupanda kunachosha pumzi, lakini kushuka ndiko kunakoumiza goti. Ukishuka, msuli wa mbele ya paja unafanya kazi ya breki na kuibana pia ya goti, kile kifupa cha mbele ya goti, dhidi ya mfupa wa paja. Kwa hiyo mpandishe kwa miguu mkitaka, ila kushuka mtafutie usafiri. Watu wengi hufanya kinyume, kisha wanashangaa jioni magoti yamevimba.

Usafiri gani?

Kutoka Baixa kuelekea ngomeni kuna lifti za umma zisizolipiwa, ya kwanza ipo Rua dos Fanqueiros; zinapunguza sehemu kubwa ya kilima. Kituo cha metro, yaani treni ya chini ya ardhi, cha Baixa-Chiado kina ngazi za umeme ndefu zinazowafikisha hadi juu mtaa wa Chiado. Tramu namba 28, gari la reli linalopita barabarani, ni maarufu, lakini kidato chake kiko juu na mara nyingi abiria wamejaa hadi mlangoni. Kwa mama si starehe. Na vile vigari vinavyovutwa kwa kebo mlimani msivitegemee kwenye ratiba: cha Glória kiliacha njia Septemba 3, 2025, watu 16 wakafariki.

Siku za kupumzisha magoti nendeni Belém, kando ya mto Tejo, ambako hakuna mlima. Pale ndani ya kanisa la Jerónimos amezikwa Vasco da Gama, yuleyule aliyetia nanga Mombasa na Malindi mwaka 1498. Mama atakuwa na la kusimulia.

Ajiandae vipi? Sisi tunakaa Dar, hakuna milima.

Kuna maghorofa. Aanze wiki nane kabla. Zoezi lenye faida kuliko yote ni rahisi: akae kwenye kiti, ainuke bila kushika kitu, akae tena polepole. Mara kumi, mizunguko miwili, kila siku. Kama hawezi, aanze na kiti cha juu zaidi. Halafu apande na kushuka ngazi huku ameshika ukuta, akikumbuka kwamba mguu mzima hutangulia kupanda, na mguu unaouma hutangulia kushuka.

Fimbo aishike kwa mkono wa upande wa pili wa goti linalouma zaidi. Akisimama na viatu, mikono ikining'inia, kichwa cha fimbo kifike kwenye kifundo cha mkono, pale kiganja kinapoanzia. Mpira wa chini ukiwa umelika, badilisheni. Viatu viwe vya soli ya mpira yenye meno, na avivae nyumbani mwezi mzima kabla. Kiatu kipya safarini ni malengelenge ya uhakika.

Nimbebee diclofenac, ile dawa ya maumivu?

Vidonge hapana, hadi daktari wake akubali. Vinaweza kupandisha shinikizo, na vikichanganywa na baadhi ya dawa za shinikizo, hasa za kukojosha, vinaweza kuumiza figo. Jeli ya kupaka gotini ni salama zaidi. Paracetamol inafaa, isizidi vidonge vinane vya miligramu 500 kwa saa 24. Akiwa na ugonjwa wa ini, amuulize daktari kwanza. Dawa zake za kila siku zikae kwenye begi la mkononi.

Na kwenye ndege?

Safari ya zaidi ya saa nne huongeza hatari ya damu kuganda mguuni. Achezeshe vifundo vya miguu, ainuke mara kwa mara, anywe maji. Shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma, hata wiki kadhaa baadaye, aende hospitali siku hiyohiyo. Akibanwa pumzi au kifua, pigeni simu ya dharura, ambayo Ureno ni 112.

Akiteguka je?

Mguu uinuliwe, barafu iwekwe juu ya kitambaa kwa dakika 15 hivi. Asipoweza kupiga hatua nne, apigwe eksirei. Viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, Ureno ikiwemo, inadai bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, kwa hiyo mtakuwa nayo. Isomeni mapema muone kama inagusa maradhi aliyokuwa nayo kabla ya safari.