Kabla hujaichomeka BBC Micro ya zamani

Ukiletewa BBC Micro, kompyuta ya Uingereza ya miaka ya 1980, iliyolala stoo miaka ishirini, swali la kwanza huwa: bado inawaka? Usilijibu kwa kuichomeka. Acorn wa Cambridge walianza kuiuza mwaka 1981, na mazabodi yake (bodi kuu yenye chipu) ni ngumu kuliko unavyodhani. Kinachozeeka vibaya ni pawasaplai, kisanduku kinachogeuza umeme wa ukutani kuwa volti ndogo za kompyuta.

Fungua kifuniko, utaiona upande wa kushoto. Nyingi ni za kampuni ya Astec, na ndani mna kapasita (vijenzi vya kuhifadhi chaji) za chapa ya Rifa zilizofungwa kati ya laivu na nyutro ili kuchuja kelele za umeme. Ganda lake ni la plastiki ya manjano inayopitisha mwanga. Limulike kwa tochi na utaona nyufa nyembamba zimetapakaa kama kioo cha simu iliyoanguka. Ndani ni karatasi iliyopakwa metali, na unyevu ukishapenya hapo, shughuli imekwisha. Inaweza kutulia dakika kadhaa, kisha ikapasuka na kujaza chumba moshi mzito unaonuka vibaya. Cha kuchekesha ni kwamba kompyuta yenyewe mara nyingi huendelea kufanya kazi kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mimi hizo sipimi, nazing'oa tu. Soma thamani ubavuni, weka mpya ya thamani hiyohiyo, ila lazima iwe ya daraja la X2, yaani iliyoundwa kukaa kati ya laivu na nyutro, ya volti 275 za AC. Kapasita ya kawaida hapo ni hatari. Na kabla hujagusa chochote, kumbuka kapasita kubwa ya pawasaplai hujaa hadi volti 340 hivi za DC, na huweza kubaki na chaji hata plagi ikiwa imetoka. Weka mita kwanza, mkono baadaye.

Wengi hushauri kupandisha volti polepole kwa variaki, transfoma yenye kitufe cha kubadili volti. Kwa redio ya valvu, sawa. Pawasaplai ya aina hii ikipewa volti kidogo huvuta mkondo mwingi zaidi, kwa hiyo utaitesa bure. Afadhali ufunge balbu ya wati 60, ile ya kizamani yenye waya ndani (ya LED haifai), kwenye laivu kabla ya pawasaplai. Ikimulika mara moja kisha ikafifia, endelea. Ikibaki inawaka kwa nguvu, kuna shoti, zima.

Wakati huo mazabodi isiwe imeunganishwa. Chomoa nyaya zote saba: nyekundu tatu, nyeusi tatu, zambarau moja. Pawasaplai nayo inataka mzigo, yaani kitu cha kuvuta umeme wake, kwa hiyo funga balbu ya breki ya gari kati ya nyekundu na nyeusi, kisha pima. Nataka kuona kati ya volti 4.75 na 5.25. Zaidi ya hapo, chipu hazivumilii.

Hilo ndilo linaloua Commodore 64 nyingi, kompyuta nyingine ya enzi hizo: regyuleta (kidhibiti volti) ndani ya adapta yake ya asili ikifa, hupandisha ile laini ya volti 5 na kuunguza chipu za memori. Adapta hiyo imejazwa gundi ngumu, haitengenezeki. Nunua mpya.

Volti zikikaa sawa, rudisha nyaya na uwashe. BBC Micro nzima hulia milio miwili, wa pili juu kuliko wa kwanza. Ikitoa mlio mmoja usiokoma, prosesa haijaanza kazi, na sasa unaweza kuikagua mazabodi bila kuishuku pawasaplai.