Tochi kupata moto sio ubovu

Wiki iliyopita imetokea tena. Mzee mmoja mlinzi wa godauni huku kwetu Mwanza kanirudishia tochi niliyomchagulia mwenyewe, ya alumini, inatumia betri moja ya 18650 (ile ya lithiamu ya kuchaji, nene kama kidole gumba), bei 45,000. Kaiweka mezani na uso wa mtu aliyeibiwa. "Fundi, hii inaunguza. Dakika tano tu siwezi kuishika vizuri, na mwanga unashuka wenyewe." Sijamaliza hata shikamoo, akatoa nyingine mfukoni, ya plastiki, kanunua 8,000, boksi limeandikwa T6, lumeni 10,000 (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga). "Hii nawasha nusu saa, baridi. Hebu shika."

Nikashika. Baridi kweli. Na hapo ndo pananiuma, maana nimelisema hili hapa ofisini, nimelisema kwenye magrupu, nimemwambia hadi shemeji yangu na bado watu wanarudisha tochi nzuri na kukumbatia mbovu kwa sababu mbovu haina joto.

Nadhani imani hii imetoka kwenye balbu za zamani. Zile ukiweka kiganja mbele ya kioo unasikia joto, kwa sababu balbu inarusha joto mbele pamoja na mwanga, mwili wa tochi unabaki poa. LED, yaani ile chipu ndogo inayotoa mwanga kwenye tochi za siku hizi, haiko hivyo. Kioo chake kinakaa baridi, joto lote linabaki nyuma ya chipu na haliwezi kutoka mpaka lipate chuma cha kupitia. Chukua LED ya wati 10, karibu wati 7 zinaishia kuwa joto, mwanga ni hizo zinazobaki. Wati 7 kwenye kitu kidogo kuliko ukucha wa kidole kidogo. Hilo joto lipo tu, upende usipende, swali ni liko wapi. Ukilisikia mkononi maana yake limeshatoka kwenye chipu, limepita kwenye bodi, likaingia kwenye mwili wa tochi, likakufikia wewe, na damu yako inalibeba, yaani mkono wako unasaidia kuipooza. Usipolisikia kabisa, na tochi inatumia wati zilezile, basi limekwama ndani linaikaanga LED.

Nikafungua zote mbili mbele ya mzee. Ya alumini, ukitoa kichwa na rifleksta, kile kikombe king'avu kinachorusha mwanga mbele, unakuta chipu imechomelewa kwenye bodi ya shaba, chini ya bodi kuna pesti nyeupe ya kupitisha joto, ileile wanayopaka kwenye prosesa za kompyuta, halafu bodi imekaa kwenye rafu ambayo imechongwa pamoja na mwili wenyewe, hakuna kiungo katikati. Ya plastiki nikaifungua kwa kucha. Bodi ya alumini nyembamba kama kifuniko cha soda, imegandishwa na tone la gundi juu ya kikombe cha plastiki, chini yake hewa tupu. Hewa na plastiki ndo vitu tunavyotumia kuzuia joto lisipite! Kuzunguka chipu bodi ilikuwa imeshaanza kuwa kahawia.

Mzee akasema, "Lakini si inawaka?" Inawaka, ndio. Nikamtuma kijana akaazime mpya ya plastiki kama ileile duka la jirani, nikazimulika pamoja kwenye karatasi nyeupe. Mpya inatoa nyeupe, ya mzee imeshahama, inaenda bluu. Chipu yenyewe inatoa bluu, ule weupe unatokana na tabaka la njano lililopakwa juu yake, na tabaka hilo likipata joto kupita kiasi linazidiwa, bluu inabaki inaonekana. Alikuwa nayo wiki tatu.

Sasa hili la mwanga kushuka wenyewe. Jamani, huo sio ubovu, hiyo ndo sehemu ya pesa uliyolipia. Ndani ya sakiti kuna kitu kinachopima joto, likifika kiwango, nyingi huwa kwenye nyuzi 50 na kitu, inapunguza umeme ili isijiue wala isikuunguze. Hata kipimo kinachotumika na viwanda vya maana, FL1, hakikudanganyi ukikisoma vizuri: lumeni za kwenye boksi zinapimwa kati ya sekunde 30 na dakika 2 baada ya kuwasha, na muda wa kuwaka unahesabiwa mpaka mwanga ubaki asilimia 10. Kwa hiyo tochi ya lumeni 1,000 masaa matatu haijakuahidi lumeni 1,000 kwa masaa matatu, imekuahidi 1,000 mwanzoni na safari ndefu ya kushuka. Unaloweza kulalamikia ni ikishuka mpaka ukashindwa kazi. Ikishuka nusu wengi hawagundui hata kidogo, jicho letu likitaka kuona mwanga umekuwa mara mbili linahitaji karibu mara nne. Mzee aligundua kwa sababu alikuwa ameikodolea.

Na wanaonunua kwa kumulika dari ya duka sekunde tatu, mchana, "inawaka hii, nifungie". Sekunde tatu kila tochi duniani ni nzuri. Betri imejaa, chipu ya baridi. Mwambie muuzaji aiache ikiwaka mezani dakika 10 mkiendelea kuongea, akikataa, umeshapata jibu.

Ila nisiwadanganye, kipimo cha mkono kina matundu, na mimi mwenyewe kimeniangusha. Tochi ndogo ya nusu wati haitapata moto kamwe na ni halali yake, haina joto la kutoa. Plastiki ukiishika inaonekana poa kuliko alumini hata zikiwa na joto sawa. Mwaka fulani nilinunua dazeni nzima ya tochi za alumini nene, nzito, unasema hizi zitazikwa na mimi, kumbe ndani kile kidonge kinachobeba LED ni bati tupu kimewekwa bila kugusa ukuta. Unene wote ule wa mapambo. Kwa hiyo uzito nao usikupe imani, na kwa tochi zilizogandishwa kichwa na gundi sina njia ya uhakika mpaka niivunje. Hapo naangalia mwendo wa joto: kichwa kianze kuwa vuguvugu ndani ya dakika mbili tatu, halafu lishuke taratibu kuelekea mkiani. Kichwa kikikaa baridi dakika kumi na mwanga umeshafifia, rudisha.

Halafu kuna joto baya, na hili watu hawalisemi. Likianzia mkiani kwenye swichi, hilo sio la LED, hilo ni umeme unapotea njiani. Springi nyembamba ya chuma, thredi chafu (zile njia za kukazia kifuniko), swichi ya shilingi 300. Ampea 3 zikipita kwenye springi yenye ukinzani wa omu 0.1 tu tayari karibu wati nzima imeliwa hapo, na nimeona springi imelegea kabisa kwa moto, haisukumi tena betri. Za wavuvi wa dagaa zinakuja nyingi hivyo, maji yameingia, kutu. Dawa yake rahisi: safisha thredi kwa spiriti, paka grisi kidogo, na kwenye springi chomelea kipande cha waya wa shaba kutoka juu mpaka chini ili umeme upite kwenye shaba. Betri yenyewe ikiwa ya moto ukiitoa, hiyo usiirudishe.

Mengine haraka. T6 sio jina la LED, ni daraja la mwanga la chipu ya Cree XM-L, angalau lumeni 280 ukiipa umeme wa miliampea 700, leo inachapwa mpaka kwenye tochi za kuchezea watoto. Lumeni 10,000 kwa betri moja ya 18650: LED nzuri inatoa kama lumeni 100 kwa wati, kwa hiyo unataka wati 100 kutoka kwenye betri yenye jumla ya wati-saa 12 hivi, ingeisha dakika saba kama isingewaka moto kwanza. Betri ya 18650 iliyoandikwa 9900 (miliampea-saa, yaani umeme inaobeba) ni uongo, halisi nyingi zinaishia 3,500 na kidogo, na halisi ina uzito wa gramu 45 kwenda juu, pima kwenye mzani wa dagaa ukitaka. Oringi, ile mipira ya kuzuia maji, ziwe mbili au angalau moja iliyokaa, sio inayochezacheza. Kama una 8,000 tu, nunua ile ndogo ya wati moja isiyojisifu, itaizika hiyo yenye maandishi makubwa.

Mzee akakubali kurudi na ya alumini, ila akaniomba niizungushie mpira wa tyubu ya baiskeli kuanzia kichwani mpaka mkiani ili isimuunguze. Nikakataa, tukabishana kidogo, akaniuliza sasa ataishikaje lindo zima. Nikamwonyesha mwanga wa chini, wa kuzungukia, ule wa juu abonyeze akisikia kitu tu. Mpira nikamfungia mkiani peke yake, upana wa vidole vitatu kutoka kwenye swichi, pale kiganja kinapokaa, kichwa na shingo nikaviacha wazi.