Dawa ya mbu ya kupaka ukisafiri: soma lebo, achana na harufu

Disemba hiyo inakuja, watu wa Dar wanapanda basi kwenda Kigoma, Geita, Kagera na Mtwara, wa Nairobi wanaelekea Kisumu, Siaya na Busia, na wa Ulaya nao wanakata tiketi kuja kusalimia wazee. Mvua ndo zinanyesha kipindi hichohicho, na maswali kuhusu dawa ya mbu ya kupaka mwilini kila mwaka ni yaleyale, kwa hiyo nimeyaweka hapa pamoja na majibu yake.

Mi nimezaliwa Kigoma, malaria nimeumwa utotoni mpaka basi. Kwani bado nahitaji kujipaka?

Unahitaji, tena pengine kuliko hao uliowaacha kule. Ile kinga mtu anayoipata kwa kuumwa mara kwa mara haikai milele, ukiishi miaka kadhaa sehemu yenye malaria chache kama Nairobi, Njombe, Arusha mjini au huko ughaibuni inapungua, na mtoto uliyemzalia mjini hana kabisa. Uingereza kwa mfano, wagonjwa wengi wa malaria wanaopokelewa hospitali sio watalii, ni watu wenye asili ya Afrika waliokwenda kusalimia ndugu. Mtalii anaogopa, anakunywa vidonge vya kinga na kujipaka, sisi tunasema "ah nyumbani tu hapo" alafu tunakaa nje na kaptula mpaka saa tano usiku. Mwenye siko seli, mjamzito na mtoto chini ya miaka mitano wasifanye mzaha kabisa na hili.

Dukani nakuta chupa kibao, zingine zina picha ya mbu amepigwa mstari mwekundu. Nachaguaje?

Picha ya mbu haina maana yoyote, hata mimi naweza kuibandika kwenye mafuta ya nazi. Geuza chupa usome viambato, unatafuta jina moja kati ya haya manne. La kwanza DEET, wakati mwingine wanaandika kwa urefu diethyltoluamide. Hii ndo kongwe, ilitokana na utafiti wa kuwalinda wanajeshi wa Marekani miaka ya 1940 na raia wakaanza kuuziwa 1957, hakuna dawa ya kupaka iliyochunguzwa kuizidi. La pili ikaridini, kwenye chupa utaiona icaridin au picaridin, hii haina harufu kali wala hainati na kwangu ndo chaguo la kwanza kwa mtu asiyeipenda DEET. La tatu IR3535. La nne PMD, inayotokana na mkaratusi ule unaonukia limau.

Chupa isiyo na hata jina moja kati ya hayo, au isiyotaja kabisa asilimia, irudishe kwenye shelfu hata kama muuzaji anaapa. Angalia na nembo ya TBS au KEBS na tarehe ya kuisha muda, maana zile za kupangwa juani stendi sijui zimekaa pale tangu lini.

Asilimia ndo nini? Si bora nichukue kubwa kabisa?

Hapa ndo watu wengi wanachanganya. Asilimia haikwambii dawa ina nguvu kiasi gani, inakwambia itakaa muda gani. Ni kama bando, GB nyingi zinakaa siku nyingi lakini spidi ni ileile. DEET ya 10% inakupa kama masaa mawili, ya 20 mpaka 30% inaweza kukupa masaa manne mpaka sita hivi, na ukishavuka 50% hakuna unachoongeza cha maana, unaongeza tu uwezekano wa ngozi kuwasha. Ikaridini ya 20% nayo inaweza kufika masaa hayo na zaidi kidogo, ila ya 10% ni fupi. PMD ya 30% ni kama masaa sita. Na hayo ni masaa ya mtu aliyetulia, ukiwa unatoka jasho, umenyeshewa, umeogelea ziwani au unajifuta na taulo kila saa, yapunguze mwenyewe.

Kwa hiyo swali la kujiuliza ni utakaa nje masaa mangapi. Unaenda msibani, mnakesha nje mpaka asubuhi? Chukua DEET ya 30 mpaka 50% au ikaridini ya 20%, na uweke chupa mfukoni maana usiku wa manane utajipaka tena. Unatoka tu saa moja jioni kula chipsi na kurudi? Hata ndogo inatosha.

Nasikia DEET inayeyusha plastiki, sasa ngozi yangu itabaki salama kweli?

Plastiki ni kweli inaharibu, kioo cha saa, fremu za miwani, kava la simu, rangi ya kucha na nguo za kubana zile zinazovutika. Pamba haina shida. Ngozi ya mtu sio plastiki lakini, na hii kitu imepakwa na mamilioni ya watu kwa zaidi ya miaka 60, matatizo makubwa yaliyoonekana ni machache sana na mengi yalitokea pale mtu aliponywa au kujipaka kupita kiasi. Usipake kwenye kidonda, usipake chini ya nguo, usijipulizie usoni moja kwa moja, pulizia kiganjani kwanza ndo upake ukikwepa macho na mdomo. Ukishaingia kwenye chandarua na huna mpango wa kutoka, nawa kwa sabuni. Basi.

Watoto je? Na mjamzito?

Mtoto wa chini ya miezi miwili usimpake chochote, mfunike na neti akiwa amelala au amebebwa. Kuanzia hapo DEET mpaka 30% inaruhusiwa, ila mpake wewe, usimpe chupa, na usimpake viganjani kwa sababu vidole vyote vinaishia mdomoni. PMD subiri mpaka afikishe miaka mitatu.

Kwa mjamzito watu wanaogopa dawa kuliko malaria, na hapo hofu imekaa kinyume. Malaria ya mimba inaleta upungufu wa damu, mimba kutoka, na mtoto kuzaliwa na uzito mdogo. DEET ilijaribiwa kwa wajawazito kule Thailand, miezi ya kati na ya mwisho ya mimba, na watoto hawakuonekana kupata madhara. Dada kama una mimba na safari haiahirishiki, mwulize nesi kliniki kabla ya kuondoka, alafu beba na chandarua chako usitegemee utakachokikuta.

Nina chandarua chenye dawa, sasa dawa ya kupaka ya nini tena?

Kwa sababu mbu hasubiri ulale. Anofelesi, huyu wa malaria, anaanza kutafuta chakula giza likiingia na anaendelea mpaka alfajiri, na wewe kati ya saa kumi na mbili jioni na saa nne usiku uko jikoni, uko kibarazani, uko kwenye bao. Chandarua kinakulinda kitandani na ni muhimu kuliko dawa yoyote ya kupaka, hilo halina ubishi, ila yale masaa ya jioni yanabaki wazi.

Alafu kuna mbu wa mchana, Aedesi, mwenye madoadoa meupe miguuni. Huyu ndo wa dengue na chikungunya, anang'ata asubuhi na jioni kabla jua halijazama, anazaliana kwenye ndoo, matairi na makopo hapohapo nyumbani. Dar ililipukiwa na dengue 2014 na tena 2019, Mombasa nayo imepigwa zaidi ya mara moja, na chikungunya yenyewe iligunduliwa mara ya kwanza duniani kusini mwa Tanganyika, uwanda wa Makonde kule, mwaka 1952. Kwa hiyo anayesema "naenda pwani mjini tu, malaria chache, sina haja ya kujipaka" amesahau huyu wa mchana, na chandarua hakimsaidii kitu saa nne asubuhi akiwa Kariakoo.

Nilijipaka na bado waling'ata. Ina maana ilikuwa feki?

Inaweza kuwa feki, ila mara nyingi shida ni mpakaji. Watu wanajipaka kama pafyumu, tone shingoni na tone mikononi, wanadhani harufu itatengeneza uzio. Haifanyi hivyo. Mbu anakufuata kwa hewa unayoitoa puani na kwa harufu ya ngozi, dawa inamvuruga akikaribia pale ulipopaka tu, haimuui, kwa hiyo ukiacha sehemu ya kiganja kimoja bila dawa atatua hapohapo. Na mbu wa malaria wa kwetu anapenda kuruka chini, ukiwa umekaa anakuja kwenye vifundo vya miguu na nyayo, sehemu ambayo watu wengi hawapaki kabisa! Anza na miguu ndo upande juu.

Kama unatumia na sanskrini, yaani losheni ya kukinga jua, sanskrini kwanza, subiri inyonye, ndo dawa ya mbu juu yake. DEET inapunguza nguvu ya sanskrini, kwa hiyo chukua sanskrini ya namba kubwa, ile SPF iliyoandikwa kwenye chupa yake, 30 kwenda juu. Zile za mbili kwa moja mi sizishauri, sanskrini inatakiwa ipakwe mara kwa mara na dawa ya mbu haitakiwi hivyo, utazidisha moja au utapunja nyingine.

Mchaichai, mwarobaini, kivumbasi, kitunguu saumu, bangili za mbu, ile app ya simu inayolia?

Tuvipange. Mafuta ya mchaichai na sitronela kweli yanafukuza mbu, tatizo yanapaa haraka, mengi hayamalizi hata masaa mawili, kwa hiyo ukiwa kijijini huna kingine paka na urudie mara kwa mara ni bora kuliko mikono mitupu, ila usiyategemee kwa mkesha. Kivumbasi bibi zetu walikuwa wanakifukiza na kukiweka dirishani na wala hawakuwa wajinga, kinapunguza mbu kiasi, kupunguza tu. Mwarobaini vilevile.

Kula kitunguu saumu au vidonge vya vitamini B hakumzuii mbu, imejaribiwa. Bangili inalinda labda kifundo cha mkono ilipofungwa, mwili mzima uko wazi. Na app ya sauti ni uongo mtupu, mbu hana habari nayo, utamaliza chaji tu.

Na ile ya kuchoma ya mduara, au spreyi ya chumbani?

Zinapunguza mbu chumbani au kibarazani, sawa, ila usilale na ile ya kuchoma kwenye chumba kilichofungwa, moshi wake sio mzuri kwa mapafu hasa ya mtoto na mwenye pumu. Spreyi ya kuua wadudu ni ya chumba, sio ya ngozi, nimeona mtu anajipulizia miguuni kabisa. Kuna pia dawa ya nguo, pamethrini, unapulizia suruali, soksi na shuka, unaacha zikauke ndo unavaa. Hii ni nzuri kwa wanaoenda porini au kukaa wiki nyingi, haipakwi mwilini, na kama una paka nyumbani mweke mbali mpaka nguo zikauke maana inamdhuru.

Nitaibebaje safarini?

Kwenye ndege za kimataifa, mkoba wa mkononi chupa isizidi 100 ml, kubwa iweke kwenye begi la chini. Losheni au ya kupulizia kwa pampu haina usumbufu, kopo la gesi linaweza kukuletea maswali uwanjani. Kwenye basi usiweke kwenye buti, kaa nayo, basi likiharibika njiani saa mbili usiku karibu na mabwawa ya mpunga utanielewa. Na nunua kabla ya safari, duka la kijijini likikuta wageni wa Disemba chupa zinaisha au bei inaruka.

Nikijipaka vizuri na nikilala kwenye neti, vidonge vya kinga vya nini?

Kama unatoka Ulaya, Uarabuni au Marekani nenda kliniki ya wasafiri wiki kadhaa kabla, vidonge vingine vinaanzwa kabla ya safari na vinaendelea ukisharudi. Anayetoka Dar kwenda Geita kwa kawaida hapewi, yeye ategemee neti, nguo ndefu jioni na hiyo dawa ya kupaka.

Nimerudi mjini, wiki mbili baadaye homa. Nilikuwa nimejipaka kila siku, si itakuwa mafua tu?

Kapime siku hiyohiyo. Hakuna dawa ya kupaka inayozuia 100%, na malaria kawaida inajitokeza kuanzia siku ya saba baada ya kung'atwa, wengi wiki ya pili, ila inaweza kuchelewa hata miezi mitatu. Usimeze dawa ya malaria kwa kubahatisha, na kama unahisi dengue usimeze aspirini wala diklofenaki, chukua parasetamo na uende kupima. Ukifika kwa daktari mwambie mwenyewe bila kuulizwa ulikuwa wapi na ulirudi lini, hasa kama uko Nairobi au Ulaya ambako malaria sio kitu cha kwanza kumjia kichwani.