Saa 8 za kazi hazikuanzia kwa Henry Ford

Wengi huamini Henry Ford, mwenye kampuni ya magari ya Ford, ndiye aliyewazawadia wafanyakazi wa Marekani siku ya kazi ya saa 8. Ni kweli kwamba mwaka 1914 alipunguza saa kutoka 9 na kulipa dola 5 kwa siku, hasa ili watu wasiendelee kuacha kazi kiwandani kwake. Lakini dai lenyewe lilikuwa kongwe. Mei 1, 1886 maelfu kwa maelfu waligoma, Chicago ikiwa kitovu, wakilitaka hilohilo. Sheria ya 1938 ndiyo iliyoleta malipo ya ziada kwa saa zinazozidi kikomo cha wiki, ambacho mwaka 1940 kilifika saa 40. Na Ford? Mwaka 1937 walinzi wake waliwapiga wanachama wa chama cha wafanyakazi waliokuja kugawa vipeperushi kwenye kiwanda chake mjini Dearborn. Alikubali mkataba na chama hicho mwaka 1941, baada ya mgomo.