Kuunganisha bafa sambamba kusukuma mzigo wa kapasita: yanayosemwa na ukweli wake

"Chukua bafa mbili, chomelea pamoja, mkondo unakuwa mara mbili." Hii ina ukweli nusu (bafa ni chipu inayopokea volti na kuitoa ileile ila ikiwa na mkondo mkubwa zaidi). Hakuna bafa mbili zinazofanana sawasawa hata zikitoka paketi moja, hii inataka kukaa milivolti 20 juu ile 30 chini, ukizifunga pamoja ni mafahali wawili zizi moja, mzigo hujaweka lakini mkondo ushaanza kuzunguka kati yao. LT1010, moja ya hizo bafa, datashiti yake inakuruhusu kuzifunga moja kwa moja, ila inakuambia uhesabu joto linaloongezeka, na inawezekana kwasababu ndani mle kila moja ina ukinzani wa kama omu 10. Mi bado naweka rezista ya omu 5 kwenye kila tokeo kabla hazijakutana. Kukagua ni rahisi: toa mzigo, shusha ingizo graundi, gusisha multimita kwenye miguu miwili ya rezista moja. Ukisoma milivolti 25 ujue miliampia 5 zinapita hapo bure.

"Sambamba inaongeza slurei." Haiongezi! Slurei (kasi ya juu kabisa ya tokeo kubadilisha volti) ya bafa nne ni ileile ya bafa moja. Kinachoongezeka ni mkondo, na kwenye kapasita mara nyingi mkondo ndo unakwamisha. Chukua kipande cha piezo (keramiki inayojinyoosha ukiipa volti, kwa umeme ni kapasita) cha nanofaradi 100, unakipa sine ya kilohezi 100 yenye kilele cha volti 10. Kasi inayotakiwa ni volti 6.3 tu kwa maikrosekunde, bafa ya BUF634 inatoa mamia ya hizo bila jasho, lakini mkondo wa kilele ni miliampia 628 na bafa moja inaishia 250. Kwahiyo tatu zinatosha kwenye karatasi, weka nne upumue.

Sasa hii ndo inayochoma vifaa vya watu: "kapasita haili nguvu kwahiyo bafa hazitapata moto". Kapasita haili kweli, yaani kila inachopokea inakirudisha, lakini saplai haikuletei mkondo bure, ikiwa ±15 V na kilele ni hizo 628 inatoa wastani wa wati 6, na kama mzigo hauli hata kidogo zinaenda wapi? Karibu zote zinabaki kwenye bafa. Gawa kwa nne ni wati 1.5 kila moja, bado hujaweka mkondo wake wa kupumzika, ule inaokula hata bila mzigo. Kifuko cha plastiki cha miguu 8 kinapanda karibu nyuzi 100 kwa kila wati moja, fanya hesabu mwenyewe uone inafika wapi. Hapo ni TO-220 (kifuko chenye bamba la chuma) na hitisinki ya kupozea, hakuna ujanja, na kumbuka bamba la BUF634 limeungana na saplai hasi, usilibane kwenye chuma cha graundi bila kuweka maika ya kuzuia umeme.

"Zikiwa nyingi sakiti haitapiga kelele." Yaani haitaoselati, kutikisika yenyewe bila kuombwa. Inasaidia kidogo. Bafa moja na rezista yake ni kama omu 15, na ile nF 100 inaleta poli (mahali ambapo ishara inaanza kudhoofika na kuchelewa) kwenye kilohezi 106, bafa nne zinaisogeza mpaka kama 424, sawa, ila opampu (kikuzaji kinachoendesha hizo bafa) ya megahezi 10 iliyofunga fidibaki, yaani inayorudisha tokeo ili ijisahihishe, kuzunguka yote hayo bado itaoselati tu. Fidibaki ya masafa ya juu ichukue kwenye tokeo la opampu yenyewe kupitia kapasita ndogo, ya chini ndo uichukue kwenye mzigo kupitia rezista. Alafu kila bafa ipewe rezista yake ya ingizo, omu 100 hivi.

Kapasita za saplai nazo ni kwa kila bafa, maikrofaradi 10 na nF 100 karibu kabisa na pini, ukiweka jozi moja mwanzo wa bodi kwa ajili ya zote nne utaona mwenyewe kwenye skopu saplai inavyocheza.