Kampuni ya plastiki inakua vipi: kinu cha mabaki, kalibu na mizani

Kifaa kinachosema ukweli zaidi katika kiwanda cha plastiki ni kinu cha kusagia mabaki. Humo huishia mikia ya plastiki iliyogandia kwenye njia za kalibu (umbo la chuma linaloipa bidhaa sura yake), ndoo zilizotoka bila kujaa, vifuniko vilivyopinda, na vipande vya kwanza vya asubuhi kabla mashine haijatulia. Pima kwa kilo kinachoingia kinuni kwa siku, ulinganishe na kinachouzwa, na utakuwa umeshajua hali ya mashine, ya kalibu na ya mafundi. Fuatilia chenga zinakokwenda baada ya kusagwa, utajua na msimamo wa wenye kampuni, maana kishawishi cha kuzirudisha kwenye uzalishaji kupita kiasi kiko hapo.

Makala haya yanawalenga wenye viwanda vidogo wanaotaka kuvikuza, vijana wanaoingia kwenye kazi hii, na wanunuzi wanaotaka kujua wanauziwa nini.

Chenga zinaporudi kwenye hopa

Kusaga mabaki na kuyarudisha kwenye uzalishaji ni jambo la kawaida, na kwa haki yake ni jambo jema. Polipropilini (PP) na polietilini (HDPE na LDPE) huyeyuka na kuganda tena mara kadhaa bila kuharibika sana. Lakini kila zinapopita kwenye silinda, yaani bomba la moto la mashine linaloyeyusha plastiki, joto na msuguano wa skrubu inayoisukuma humo hukata minyororo mirefu ya molekuli. PP iliyochoka hutiririka kirahisi kuliko mpya, hujaza kalibu vizuri, hung'aa, kisha hupasuka ikianguka. Jicho halioni kasoro yoyote siku ya kuuza.

Kiasi gani kinafaa? Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme hopa, yaani faneli inayolisha mashine, inapokea asilimia 20 ya chenga na asilimia 80 ya punje mpya, na mabaki yote yanasagwa na kurudi. Kwa kuwa mabaki hayo yametokana na mchanganyiko uleule, asilimia 4 tu ya plastiki iliyo kwenye hopa itakuwa imeshapita silindani mara mbili au zaidi, na asilimia 0.8 mara tatu au zaidi. Sasa changanya nusu kwa nusu: iliyopita mara mbili au zaidi inafika asilimia 25, mara tatu asilimia 12.5, na mara nne zaidi ya asilimia 6. Ndiyo maana mafundi wengi hawapendi kuvuka asilimia 20 kwenye bidhaa inayobeba uzito. Kwa bidhaa isiyo na mzigo, kama kitako cha chungu cha maua, unaweza kwenda juu zaidi, mradi mnunuzi ameambiwa.

Kipimo cha uhakika ni cha mtiririko. Plastiki huyeyushwa kwenye kifaa maalumu, ikasukumwa na uzito wa kilo 2.16 kupitia tundu dogo, kisha huhesabiwa gramu zilizotoka kwa dakika 10. PP hupimwa kwa nyuzi joto 230 na polietilini kwa nyuzi 190. Namba ya mchanganyiko wa PP ikipanda sana juu ya namba iliyo kwenye cheti cha malighafi mpya, ujue chenga zimezidi au zimeungua. Kiwanda kisicho na kifaa hicho kinaweza kudondosha ndoo zilizojaa maji kutoka urefu uleule kila zamu na kuandika ngapi zimepasuka. Haitatoa namba ya maabara, ila mabadiliko yataonekana mapema.

Mabaki yanayonunuliwa nje ya kiwanda yana shida ya pili: kuchanganyika. Namba 1 hadi 7 ndani ya pembetatu, zilizoanza kutumika mwaka 1988, zinataja aina ya plastiki na si zaidi ya hapo. Namba 1 ni PET (ya chupa za maji na soda), 2 HDPE, 3 PVC, 4 LDPE, 5 PP, 6 polistirini, na 7 ni nyinginezo zote. Haziahidi kwamba chombo ni salama kwa chakula wala kwamba kitarejelezwa. Njia ya zamani ya kutenganisha ni beseni la maji: PP na polietilini ni nyepesi kuliko maji, kwa hiyo huelea, PET na PVC huzama. Vifuniko vya chupa huelea na chupa zenyewe huzama, kazi ikaenda haraka. Kasheshe ni kwamba PET na PVC huzama zote mbili, na uzito wao unakaribiana mno, hivyo beseni haliwezi kuzitenganisha. Vipande vichache vya PVC kwenye PET huungua kwa joto la kuyeyushia PET, na chupa zikatoka na rangi ya njano na madoa meusi.

PET ina sharti lingine ambalo wengi hulikuta wakati hasara imeshaingia. Hufyonza unyevu wa hewani, na unyevu huo, plastiki ikiyeyuka, hukata minyororo ya molekuli. Lazima ikaushwe kwa hewa kavu ya nyuzi 160 hadi 170 kwa saa 4 hadi 6, mpaka maji yaliyobaki yawe chini ya sehemu 50 kwa milioni. Kuipasha moto kwa hewa ya kawaida ya chumbani hakutoshi. Mfuko ukiachwa wazi usiku kucha, kazi ya kukausha inaanza upya.

Kuhusu vyombo vya chakula hakuna nafasi ya kubishana: plastiki iliyosagwa ambayo asili yake haijulikani isiguse chakula. Kopo lililokaa dawa ya wadudu au mafuta ya gari limefyonza vitu ambavyo maji na sabuni haviondoi. Vyombo vyeusi vinahitaji macho ya ziada, kwa sababu rangi nyeusi huficha kila kitu, ikiwemo mabaki ya vifaa vya umeme yenye kemikali za kuzuia moto.

Kukua bila kununua mashine

Mwenye kiwanda akipata oda kubwa, wazo la kwanza ni mashine ya pili. Mara nyingi mashine ya kwanza bado ina nafasi. Chukua mashine inayotoa ndoo moja kila sekunde 30: ni ndoo 120 kwa saa, ndoo 2,400 kwa siku ya saa 20. Ukipunguza mzunguko hadi sekunde 24, unapata 150 kwa saa na 3,000 kwa siku. Ndoo 600 zimeongezeka bila jengo jipya wala fundi mpya.

Sekunde hizo 6 hutafutwa kwenye kupoza, kwa sababu huko ndiko sehemu kubwa ya muda wa mzunguko huishia. Muda wa kupoza hukua kwa mraba wa unene: ukuta wa milimita 3 unahitaji mara 2.25 ya muda wa ukuta wa milimita 2. Kona moja nene kwenye mchoro inaweza kuchelewesha bidhaa nzima, na juu ya hapo huacha shimo la kubonyea usoni. Kabla ya kubadilisha mchoro, fungua mabomba ya maji ya kalibu. Chokaa iliyoganda ndani huzuia joto kutoka, na fundi ambaye hajui hilo huongeza sekunde moja kila mwezi hadi mzunguko wa 24 unageuka 30, kila mtu akaamini mashine imezeeka.

Mashine ya pili ikihitajika kweli, usiichague kwa bei kabla ya kukokotoa nguvu ya kufunga, yaani inayoshika kalibu isifunguke plastiki ikiingia. Ndoo yenye mdomo wa sentimita 30 ina eneo la kama sentimita za mraba 707. Kwa wastani wa tani 0.3 hadi 0.5 kwa kila sentimita ya mraba, inataka mashine ya tani 212 hadi 353. Ukuta ukiwa mwembamba sana, nenda juu zaidi. Ukiiweka kwenye mashine ya tani 150, plastiki itasukuma kalibu ifunguke kidogo, ndoo itoke na utando mwembamba mdomoni, na vibarua watakaa na visu wakiupunguza. Na kila pigo (mzunguko mmoja wa mashine) la namna hiyo linazidi kula kingo za kalibu.

Gramu 15

Mizani inagusa pande zote mbili, wa kiwanda na wa mnunuzi. Ndoo iliyopangwa kuwa gramu 500 ikitoka gramu 515, ni asilimia 3 tu. Lakini kwa ndoo 2,400, hizo ni kilo 36 kwa siku, zaidi ya mfuko mzima wa kilo 25 unaotolewa bure. Pima bidhaa tano mfululizo kila saa na kuziandika kwenye karatasi iliyobandikwa ubavuni mwa mashine. Uzito ukipanda polepole, tazama shinikizo la kushikilia, linaloendelea kuisukuma plastiki kalibu ikishajaa; ukirukaruka, tazama pete ya kuzuia plastiki kurudi nyuma iliyoko ncha ya skrubu, huenda imelika.

Upande wa pili ni wa mnunuzi, na bomba la maji ni mfano mzuri kwa sababu yeyote mwenye kalipa (kifaa cha kupimia unene) anaweza kulikagua. Bomba la PE100 (aina ya polietilini ya mabomba) lenye kipenyo cha milimita 110 na alama ya SDR 11 linapaswa kuwa na ukuta wa milimita 10, maana SDR ni kipenyo kugawanya kwa unene. Bomba hilo ni la shinikizo la bar 16. Ukuta ukiwa milimita 8, umenunua bomba la takriban bar 12.5 kwa bei ya bar 16, na hakuna rangi wala maandishi yatakayolirekebisha. Bomba jeusi pia linapaswa kuwa na masizi maalumu ya asilimia 2 hadi 2.5, yaliyosambaa sawasawa, ndiyo yanayolilinda na jua. Weusi peke yake si ushahidi.

Kalibu, karatasi na mikono ya watu

Kalibu ndiyo mtaji wenyewe. Ikishushwa kwenye mashine, maji yapulizwe yatoke, ipakwe dawa ya kuzuia kutu, na bidhaa yake ya mwisho ifungwe pamoja nayo. Fundi wa kalibu akiiona ile bidhaa anajua ni pini ipi imekwaruza na ni ukingo upi unavuja, bila kusubiri maelezo ya mtu aliyeondoka zamu.

Kampuni ikivuka zamu moja, tatizo jipya huzaliwa: kila zamu ina mipangilio yake. Wa usiku anaongeza joto, wa mchana anaongeza shinikizo, na asubuhi hakuna anayejua bidhaa ilikuwa nzuri wakati gani. Dawa ni karatasi moja kwa kila kalibu, yenye joto la kila kanda ya silinda, shinikizo, muda wa kushikilia, muda wa kupoza na uzito unaotakiwa. Anayebadilisha abadilishe kitu kimoja, asubiri mapigo kama 10, ndipo ahukumu. Wengi hushindwa kusubiri.

Haraka hiyohiyo ndiyo inayoumiza watu. Mlango wa mashine una swichi inayozuia kalibu kufunga mlango ukiwa wazi. Ukiikuta imefungwa kwa waya ili kazi iende mbio, simamisha mashine hiyo hapohapo, hata kama lori linasubiri nje. Wakati wa kusafisha silinda, plastiki yenye joto la zaidi ya nyuzi 200 huweza kuruka kutoka kwenye pua ya mashine na kung'ang'ania ngozini. Simama pembeni, vaa kinga ya uso na glavu ndefu. Kinu kisifunguliwe kabla umeme haujakatwa na kufungwa kwa kufuli ambayo ufunguo wake uko mfukoni mwa anayeingiza mkono. PVC isiachwe itulie ndani ya silinda ya moto, kwa sababu hutoa gesi ya asidi inayochoma mapafu na kula chuma. Isukumwe nje kwa polietilini kabla ya kuzima. Na PVC isikutane na asetali (plastiki ngumu ya vipuri kama gia) ndani ya silinda moja kwa hali yoyote ile, maana zikikutana huoza kwa kishindo.

Punje zilizomwagika nazo zina hesabu yake. Punje moja ina uzito wa kama miligramu 25, kwa hiyo mfuko wa kilo 25 una punje zipatazo milioni moja. Mfuko ukichanwa kwa kisu karibu na mlango, mvua inabeba maelfu kwenda mtaroni. Wavu kwenye mfereji, trei chini ya hopa na ufagio ulio karibu ni gharama ndogo mno kuwa kisingizio.

Mwisho, geuza ndoo iliyo jikoni kwako. Kitakoni huenda ukakuta duara dogo lenye namba 1 hadi 12, mshale unaoelekeza kwenye mwezi, na tarakimu mbili za mwaka katikati. Pengine na namba ya kalibu. Kiwanda makini huiunganisha alama hiyo, inayoachwa na kipande cha chuma kilichomo kwenye kalibu na kinachozungushwa kila mwezi, na daftari linaloonyesha mifuko ipi ya malighafi iliingia kwenye hopa zamu ipi, na bidhaa zikapelekwa kwa nani, huku namba ya zamu ikiandikwa kwenye kila furushi. Vishikio vikianza kukatika, kiwanda hicho kinaita zirudishwe ndoo 960 za zamu moja ya saa 8. Kisicho na alama kitaita za mwezi mzima, au kitanyamaza.